Morris Abram: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wakili aliyeongoza chuo kikuu kisha akawa balozi

Morris Abram hatajwi sana kwa Kiswahili. Hata hivyo, anayesoma historia ya haki za kiraia Marekani, ya Chuo Kikuu cha Brandeis au ya Umoja wa Mataifa mjini Geneva atakutana naye tu, na maswali yanayofuata huwa yaleyale. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale ambayo watu bado wanabishana. Jambo likiwa limekwisha kuelezwa kwingine, tumeelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Morris Abram alikuwa nani?

Alikuwa wakili Myahudi wa Marekani, aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1918 katika mji mdogo wa Fitzgerald, jimbo la Georgia. Aliongoza Chuo Kikuu cha Brandeis kuanzia 1968 hadi 1970, na kuanzia 1989 hadi 1993 akawa balozi wa Marekani katika ofisi za Umoja wa Mataifa mjini Geneva. Alifariki hukohuko Geneva tarehe 16 Machi 2000, akiwa na miaka 81.

Kati ya vyeo hivyo viwili kuna mambo mengi: kesi iliyobadilisha namna kura zinavyohesabiwa kusini mwa Marekani, saratani ya damu iliyomkuta akiwa na miaka 55, na ugomvi wa muda mrefu na watu waliowahi kuwa wenzake katika mapambano.

"Rais wa chuo kikuu" maana yake nini hasa?

Katika vyuo vya Marekani, rais ndiye mtendaji mkuu wa kila siku. Anashika bajeti, anaajiri, anatafuta wafadhili, na wanafunzi wakigoma ni mlango wake unaogongwa. Kwa vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, kazi hiyo ni ya makamu mkuu wa chuo. Si cheo cha heshima cha kuvaa joho siku ya mahafali.

Alikulia wapi, na kwa nini jambo hilo hutajwa sana?

Fitzgerald ulianzishwa mwaka 1895 na askari wastaafu wa jeshi la Kaskazini waliohamia Georgia, katikati ya nchi ya waliokuwa maadui zao miaka 30 nyuma. Barabara zake zilipewa majina ya majenerali wa pande zote mbili, Grant na Sherman huku, Lee na Jackson kule. Baba yake Abram alikuwa mhamiaji kutoka Romania mwenye duka dogo. Wayahudi mjini hapo walihesabika.

Mtoto aliyekulia hapo aliona mapema mambo mawili: kwamba maadui wa jana wanaweza kuishi mtaa mmoja, na kwamba Mtu Mweusi hakuhesabiwa katika mapatano hayo. Alisoma Chuo Kikuu cha Georgia, akamaliza 1938, kisha sheria Chicago, akamaliza 1940. Vita vikamchelewesha kwenda Oxford kwa ufadhili wa Rhodes. Alipovuka bahari mwaka 1946 alipitia kwanza Nuremberg, akafanya kazi katika timu ya waendesha mashtaka dhidi ya viongozi wa Nazi.

Je, Brandeis ni chuo cha dini?

Hapana. Kilianzishwa 1948 mjini Waltham, Massachusetts, kwa fedha za Wayahudi wa Marekani, wakati vyuo vingi vikubwa vilikuwa bado vinawawekea Wayahudi kikomo cha idadi. Milango yake ilikuwa wazi kwa kila mtu tangu siku ya kwanza. Chuo kilichozaliwa kwa sababu ya kufungiwa milango kilipokuja kudaiwa na wanafunzi wake Weusi mwaka 1969, dai hilo liliuma zaidi kuliko lingeuma kwingine.

## Miaka ya Georgia

Kesi ya "mtu mmoja, kura moja" ilihusu nini?

Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote za maisha yake, nasi tutakaa hapa kidogo.

Georgia ina kaunti 159. Katika kura za mchujo za Chama cha Democratic, kura za watu hazikujumlishwa kwa jimbo zima. Kila kaunti ilikuwa na pointi zake, na aliyeongoza katika kaunti alizibeba zote. Kaunti 8 kubwa zilipewa pointi 6 kila moja, 30 zilizofuata pointi 4, na 121 zilizobaki pointi 2. Jumla ilikuwa 410. Kwa kuwa Chama cha Democratic ndicho pekee kilichokuwa na nguvu kusini, kushinda mchujo kulikuwa sawa na kuapishwa.

Sasa tazama matokeo yake. Kwa sensa ya 1960, kaunti ya Fulton, yenye jiji la Atlanta, ilikuwa na watu 556,326 na pointi 6. Kaunti ya Echols ilikuwa na watu 1,876 na pointi 2. Mahakama yenyewe ilipiga hesabu: mkazi mmoja wa Echols alikuwa na uzito sawa na wakazi 99 wa Fulton. Mwanasiasa hakuhitaji kukanyaga Atlanta, ambako Weusi walikuwa wakijiandikisha kupiga kura na Wazungu wengi walichoka na siasa za chuki. Alihitaji kaunti ndogo za mashambani na wakubwa wake wachache.

Abram alianza kuupinga mfumo huu mahakamani mwaka 1949. Kesi za awali zilitupwa, majaji wakisema hayo ni mambo ya siasa. Mwaka 1954 aligombea Bunge la Marekani, akashindwa na James C. Davis, mtetezi wa ubaguzi wa rangi. Mlango ulifunguka Machi 1962, Mahakama ya Juu iliposema katika kesi ya Baker dhidi ya Carr kwamba mahakama zinaweza kusikiliza malalamiko ya aina hii. Mara moja mpiga kura wa Fulton aliyeitwa James Sanders akafungua shauri.

Kesi ya Gray dhidi ya Sanders ilisikilizwa Januari 1963, Abram akimsimamia Sanders. Upande huohuo alisimama Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu wa serikali, katika shauri pekee alilolitetea mwenyewe mbele ya Mahakama ya Juu akiwa na cheo hicho. Hukumu ilitoka tarehe 18 Machi 1963, majaji 8 dhidi ya 1, iliyoandikwa na Jaji William O. Douglas. Humo ndimo msemo wa "mtu mmoja, kura moja" ulipoingia katika sheria ya Marekani. Miaka 14 tangu shauri la kwanza.

Je, ni kweli alisaidia kumtoa Martin Luther King gerezani?

Alisaidia, ingawa hakuwa peke yake. Tarehe 19 Oktoba 1960 King alikamatwa pamoja na wanafunzi katika duka la Rich's, Atlanta, kwa kukaa katika mgahawa wa Wazungu. Uchaguzi wa rais ulikuwa umebakiza wiki chache. Harris Wofford, msaidizi wa John Kennedy katika kampeni, alimpigia Abram simu, na Abram akaenda kuzungumza na Meya William Hartsfield. Wanafunzi wakaachiwa.

King hakuachiwa. Kaunti jirani ya DeKalb ilimshikilia kwa kosa la zamani la leseni ya udereva, jaji akampa miezi minne na akapelekwa gereza la Reidsville. Akina Kennedy wakaingilia kwa simu, na tarehe 27 Oktoba akatoka kwa dhamana ya dola 2,000. Baba yake, Mchungaji King mkubwa, aliyekuwa amepanga kumpigia kura Richard Nixon, mpinzani wa Kennedy, akatangaza hadharani kwamba atamuunga mkono Kennedy. Abram alikuwa miongoni mwa waliomhimiza atamke hivyo.

## Miaka ya Brandeis

Nini kilitokea Ford Hall?

Tarehe 8 Januari 1969, wanafunzi Weusi wapatao 70 waliingia katika jengo la Ford Hall, wakawatoa waliokuwemo na kufunga milango. Hawakuchagua jengo kwa bahati: humo ndimo mlimokuwa mtambo wa simu wa chuo na kompyuta. Wakaliita Chuo Kikuu cha Malcolm X, kwa jina la mpigania haki Mweusi aliyeuawa, wakatoa madai kumi. Walitaka idara ya mafunzo ya Afrika na ya Wamarekani Weusi, walimu Weusi, mpango wa kutafuta wanafunzi Weusi zaidi, na ufadhili wa masomo. Abram alikuwa na miezi michache tu ofisini.

Mengi kati ya madai hayo hakuyapinga. Mvutano ulikuwa juu ya nani awe na sauti ya mwisho katika kuajiri na kuongoza idara mpya: wanafunzi au baraza la walimu. Hapo alikataa kata kata. Aliwasimamisha masomo waliokuwa ndani, huku akiendelea kuzungumza nao. Siku kumi na moja zikapita. Tarehe 18 Januari wakatoka wenyewe, bila mtu kuumizwa, na wakapewa msamaha.

Kwa nini hakuita polisi?

Mwaka uliotangulia, Aprili 1968, Chuo Kikuu cha Columbia kiliita polisi na mamia ya wanafunzi wakakamatwa, wengine wakipigwa virungu. Miezi mitatu baada ya Ford Hall, Aprili 1969, Harvard, ambacho kiko mwendo mfupi tu kutoka Waltham, nacho kiliita polisi, na damu ikamwagika kwenye ngazi za jengo la utawala. Shinikizo kwa Abram lilikuwa kubwa, kwa maana wafadhili walitaka aonyeshe mkono wa chuma.

Alikuwa ametumia miaka mingi kupigania haki za kiraia Kusini, ambako polisi waliwapiga watu, na alijua kinachofuata askari wakishaingia ndani ya uzio wa chuo. Kwa maoni yetu, siku zile ndizo zinazomwonyesha vizuri kuliko cheo chochote alichopata baadaye: alishikilia neno lake kuhusu mamlaka ya walimu, na hakumgusa mwanafunzi hata mmoja. Wapo waliokuwa ndani ya jengo ambao hawakumwona hivyo. Kwao alikuwa bwana mkubwa aliyekuwa akivuta muda. Wana haki ya kusema, maana wao ndio waliolala sakafuni.

Ile idara ilianzishwa kweli?

Ndiyo, Aprili 1969, na ipo hadi leo. Jengo lenyewe limekwisha bomolewa, lakini jina halikufa: mwaka 2015 kizazi kingine cha wanafunzi wa Brandeis kilikaa katika ofisi za utawala kwa karibu wiki mbili na kuyaita maandamano yao Ford Hall 2015. Kuanzisha idara ni jambo moja, kuipatia walimu wa kutosha ni jingine.

Mbona aliondoka mapema hivyo?

Aliacha kazi mwanzoni mwa 1970 ili kuwania kuteuliwa na Chama cha Democratic kwa kiti cha Seneti cha New York, na hakufika mbali. Kwa haki, chuo hakikupata muda wa kumjua. Mtangulizi wake alikuwa amekiongoza miaka 20.

## Ugonjwa

Ni kweli alipona saratani ya damu?

Mwaka 1973 aligunduliwa kuwa na aina kali ya saratani ya damu, ambayo wakati ule iliwaua wagonjwa wengi wazima ndani ya miezi. Alitibiwa New York kwa dawa kali za kemikali pamoja na tiba ya majaribio ya kuamsha kinga ya mwili. Kama wakili, hakukubali kuwa mgonjwa wa kunyamaza: aliuliza, alisoma, aligombana na madaktari. Aliishi zaidi ya robo karne baada ya hapo.

Ugonjwa huo ulimletea kazi. Rais Carter alimteua kuongoza tume ya taifa ya maadili ya tiba, iliyofanya kazi hadi 1983. Ripoti yake ya 1981 ilishughulikia swali la lini mtu aliyeunganishwa na mashine ya kupumulia ahesabiwe kuwa amekufa. Ilipendekeza sheria moja inayotambua kifo ama kwa moyo na pumzi kusimama moja kwa moja, ama kwa ubongo wote kukoma, pamoja na shina lake. Majimbo mengi ya Marekani yaliifuata.

## Umoja wa Mataifa

Alikuwa balozi katika nchi gani?

Si nchi. Rais George Bush, yule baba, alimteua mwaka 1989 kuwa mwakilishi wa Marekani katika ofisi za Umoja wa Mataifa za Ulaya, mjini Geneva. Balozi wa kituo hicho hashughuliki na serikali ya Uswisi. Anashughulika na mashirika yaliyoko pale: la wakimbizi, la afya, la kazi, na wakati ule Tume ya Haki za Binadamu.

Alifika huko mwaka ambao ukuta wa Berlin ulianguka. Agosti 1992, akiwa bado balozi, Tume ya Haki za Binadamu iliitishwa kwa kikao maalumu kwa mara ya kwanza katika historia yake, kwa ombi la Marekani, kuhusu mauaji katika iliyokuwa Yugoslavia. Kikao hicho kilimteua Tadeusz Mazowiecki wa Poland kuwa mchunguzi.

Ubalozi ulikuja ghafla tu baada ya uongozi wa chuo?

Hapana. Kabla hata ya Brandeis, mapema miaka ya 1960, alikuwa mtaalamu wa Marekani katika kamati ndogo ya Umoja wa Mataifa iliyohusika na ubaguzi, na kuanzia 1965 hadi 1968 aliiwakilisha nchi yake katika Tume ya Haki za Binadamu. Rasimu aliyoiwasilisha mwaka 1964 ilikuwa mojawapo ya zile zilizotumika kuandaa Mkataba wa Kimataifa wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi wa Rangi, uliopitishwa 21 Desemba 1965.

Alitaka chuki dhidi ya Wayahudi itajwe kwa jina ndani ya mkataba. Umoja wa Kisovyeti ulipinga, ukataka Uzayuni, yaani harakati ya kuwa na taifa la Wayahudi, nao uwekwe kwenye orodha ya maovu, na mwishowe yote mawili yakaachwa. Pigo hilo alilikumbuka hadi mwisho (tazama swali kuhusu UN Watch hapo chini).

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, ila si wa kukuzwa. Mwaka 1961 Abram alikuwa mwanasheria mkuu wa kwanza wa Peace Corps, shirika la Marekani la kupeleka watu wa kujitolea nje. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa: wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia walifika Dar es Salaam mwaka huohuo, kabla ya uhuru wa 9 Desemba. Abram alikuwa ofisini Washington, wala si kwenye barabara za vumbi.

Uhusiano wa pili ni ule mkataba wa kutokomeza ubaguzi wa rangi. Tanzania ilijiunga nao 1972, Kenya 2001.

Ni kweli alipinga haki ya maendeleo?

Kweli, na msomaji wa Kiafrika asifichwe. Wazo la maendeleo kuwa haki ya binadamu lilipewa nguvu mwaka 1972 na mwanasheria wa Senegal, Kéba Mbaye. Liliingia kifungu cha 22 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu wa 1981, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalipitisha kuwa azimio tarehe 4 Desemba 1986. Ni Marekani peke yake iliyopiga kura ya kupinga. Akiwa Geneva, Abram alisimamia msimamo huohuo kwa maneno makali. Kwake, haki ni kile raia anachoweza kuidai serikali yake mahakamani. Aliona serikali dhalimu zitasema haziwezi kuruhusu magazeti huru mpaka kwanza zijenge barabara.

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni, maana hata kwetu tumewasikia watawala wakisema maneno hayo. Lakini mtu aliyetumia miaka 14 kuthibitisha kwamba kura isiyo na uzito si kura, alipaswa kuona pia kwamba hata kura nzima haimtoshi mwenye njaa. Hapa tunaona alikosea.

## Maswali yenye utata

Je, aligeuka kuwa adui wa haki za kiraia?

Wanaosema hivyo wanatazama miaka ya 1980. Alimuunga mkono Ronald Reagan, mgombea wa Chama cha Republican, mwaka 1980, na kuanzia 1984 alikuwa makamu mwenyekiti wa Tume ya Haki za Kiraia, ambako alipinga mgao wa nafasi kwa misingi ya rangi. Viongozi wengi Weusi waliona wamesalitiwa, na walikuwa na sababu: huyu alikuwa mwenyekiti wa mfuko wa vyuo vya Weusi, United Negro College Fund, kuanzia 1970 hadi 1979.

Mwenyewe alishikilia kwamba hajabadilika, na ukifuata hoja yake utaiona ilipoanzia. Gray dhidi ya Sanders inasema kila mtu ahesabiwe mmoja, na Myahudi wa umri wake alikumbuka vyuo vilivyotumia idadi kuwazuia watu wake. Waliompinga wakajibu kwamba kuhesabu watu ili kuwafungia nje na kuhesabu watu ili kuwaingiza ndani ni mambo mawili tofauti. Anayezijua hoja za viti maalumu katika mabunge yetu ataitambua kesi hii.

UN Watch ni nini, na ina upande?

Ni shirika alilolianzisha Geneva mwaka 1993, mara baada ya kuacha ubalozi, lenye lengo la kuupima Umoja wa Mataifa kwa Katiba yake wenyewe. Linajulikana zaidi kwa kupinga linachokiona kuwa uonevu dhidi ya Israeli. Wakosoaji wake husema linaitetea Israeli kwanza na haki za binadamu baadaye. Ukisoma taarifa zake, soma ukijua hilo.

Asiyejua historia yake hawezi kumwelewa hapa. Aliongoza American Jewish Committee, shirika la kutetea Wayahudi wa Marekani, kuanzia 1963 hadi 1968, na baadaye kampeni ya kuwatetea Wayahudi wa Umoja wa Kisovyeti waliozuiwa kuhama. Tarehe 6 Desemba 1987 watu wapatao 250,000 walikusanyika Washington kumtaka Gorbachev, kiongozi wa nchi hiyo, awafungulie mipaka.

Abram wa Brandeis si ndiye mwanzilishi wa chuo?

Hao ni watu wawili. Anayehesabiwa mwanzilishi ni Abram Sachar, rais wa kwanza, 1948 hadi 1968. Kwake Abram ni jina la kwanza. Morris Abram ni wa pili, na kwake ni jina la ukoo. Ukikuta picha ya mwaka 1969 yenye jina "Abram" tu, ni Morris.

Wapo Wayahudi wengine waliotoka uongozi wa chuo kwenda ubalozini?

Wapo. Daniel Kurtzer alikuwa mkuu wa Yeshiva College, New York, mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akawa balozi wa Marekani Misri na baadaye Israeli. Itamar Rabinovich alitoka uongozi wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv kwenda kuwa balozi wa Israeli Washington mwaka 1993, akarudi na kuwa rais wa chuo hichohicho. Avraham Harman aliipita njia hiyo kinyumenyume: alikuwa balozi wa Israeli Washington hadi 1968, ndipo akapewa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem, mwaka uleule Abram alipoingia Brandeis.